Ubao, vikundi au mradi: umfundisheje mtoto wa kidato cha kwanza na cha pili?

Mwalimu anayepangiwa kidato cha kwanza hapa Moshi au Arusha hukuta ushauri wa aina mbili ukimsubiri ofisini. Wakongwe wanamwambia: andika nukuu, eleza, toa zoezi, maliza silabasi. Waliotoka kwenye mafunzo kazini wanamwambia: mtaala ni wa umahiri, waweke watoto kwenye vikundi, wewe uwe mwezeshaji tu. Halafu anaingia mthibiti ubora wa shule, anauliza zana ziko wapi. Mwalimu wa watu anabaki na chaki mkononi, hajui amsikilize nani.

Hapa nazilinganisha njia tatu zinazotumika zaidi katika shule za huku Kaskazini: ubao na nukuu, kazi za vikundi, na mradi unaotoka nje ya darasa. Sitangazi mshindi. Kila moja nimeiona ikifana na nimeiona ikiwa vurugu tupu, na mara nyingi kilichotofautisha hakikuwa mwalimu bali darasa alilopewa.

Ninayemzungumzia ni mtoto wa miaka 12 hadi 15. Marekani rika hili lina shule zake, kwa kawaida darasa la sita hadi la nane. Na sisi tuliwahi kuwa nazo: enzi za mkoloni palikuwa na shule za kati, darasa la tano hadi la nane, na wazee waliozisoma bado wanazitaja kwa fahari. Leo rika hilohilo tumelikata katikati. Nusu iko darasa la sita na la saba, nusu iko sekondari, na pale kwenye mkato ndipo lugha ya kufundishia inapobadilika. Huku sauti ya mvulana inakwaruza, msichana anajificha nyuma ya sweta hata jua likiwa kali, na kila mmoja anadhani darasa zima linamtazama yeye.

Vigezo kabla ya njia

Mwalimu akichagua njia kwa sababu ni ya kisasa, au kwa sababu ndiyo aliyofundishwa nayo yeye, atajuta kabla ya likizo ya Juni. Mimi naangalia mambo matano.

Lugha. Mtoto wa Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, amesoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi yote. Januari anaingia sekondari na karibu kila somo linageuka Kiingereza, ukiacha Kiswahili chenyewe na Historia ya Tanzania na Maadili. Wiki za mwanzo huwa na kozi ya kumzoesha lugha, lakini wiki chache haziwezi kufidia miaka yote ile. Kwa hiyo swali la kuiuliza njia yoyote ni hili: aliyeelewa nusu ya maneno ataondoka na nini?

Idadi. Kiwango cha serikali kwa sekondari ni wanafunzi 40 kwa mkondo. Shule nyingi za kata za mjini zinavuka hapo. Na kuna jambo la kujiandaa nalo: kwa mpango wa Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, maana yake kidato cha kwanza cha 2028 kitapokea makundi mawili kwa mpigo.

Muda. Kipindi ni dakika 40. Mwenzako akichelewa kutoka, na monita akachelewa kufuta ubao, una dakika 33. Mwishoni mwa kidato cha pili kuna Upimaji wa Kitaifa, nao hausubiri.

Aibu. Hiki ndicho kigezo kinachosahaulika kwenye maandalio ya somo, na kwa maoni yangu ndicho kinachoamua mambo mengi zaidi. Rika hili linaogopa kuchekwa kuliko kufeli. Mtoto yuko radhi apate sifuri kimyakimya kuliko kusimama akatamka neno vibaya mbele ya anayempenda. Njia yoyote ya kufundisha ni mpango fulani wa nani ataonekana na nani atajificha.

Kinachobaki. Namaanisha kile ambacho bado kipo baada ya mwezi, wakati daftari limeshafungwa.

Gharama ningeiweka iwe ya sita, ila tofauti yake ni ndogo kuliko inavyosemwa. Chaki, karatasi za manila na kalamu za maka hazimfilisi mtu. Mradi ndio unaoweza kuugusa mfuko, nao nitaufikia.

Njia ya kwanza: ubao na nukuu

Lugha. Ubao una faida ambayo watu wa semina huidharau: neno linaonekana. Kiingereza cha mdomoni kinapita mbio, lakini kilichoandikwa mtoto anakirudia, anakinakili, anakwenda nacho nyumbani kumuuliza dada yake aliye kidato cha nne. Kwa aliyetoka Kayumba hilo si dogo.

Ila hapohapo ndipo njia hii inapodanganya. Kunakili hakuhitaji kuelewa. Pita kati ya madawati uyatazame madaftari: mwandiko wa kupendeza, kichwa cha habari kimepigiwa mstari mwekundu kwa rula, na pale ambapo ubao una ufa uliokata neno vipande viwili, neno limenakiliwa likiwa limekatwa vilevile. Mwenye daftari hakuona ajabu yoyote. Ukitaka kujua kama nukuu zako zinasomeka au zinachorwa tu, tafuta ufa.

Idadi. Hakuna njia inayoibeba idadi kubwa kama hii. Watoto 80, mwalimu mmoja, ubao mmoja: kazi inakwenda. Anayekwambia uache ubao kabisa muulize kwanza aliwahi kuwa na wanafunzi wangapi.

Muda. Hapa pia inaongoza. Mada inayochukua vipindi vinne kwa vikundi inaweza kuisha kwa viwili. Lakini kuandika ubaoni dakika 25 na kueleza dakika 10 si kuokoa muda. Kama shule ina vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, hata kimoja kwa dawati, hakuna sababu ya kuhamishia ukurasa mzima ubaoni. Andika mifupa ya somo, maneno magumu na mchoro, yaliyobaki wayasome kitabuni.

Aibu. Mtoto mwoga anaupenda ubao kwa sababu unamficha. Mwalimu anauliza, "Mmeelewa?" na darasa zima linaitika, "Ndiyo mwalimu!" Katika kiitikio hicho wamo walioelewa, wasioelewa, na mmoja aliyekuwa anachungulia dirishani hais zinavyopakia. Ukimnyooshea mtu kidole ghafla, ile starehe ya kujificha inageuka hukumu: anasimama, ananyamaza, wenzake wanaguna, unamruka.

Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alilipima jambo hili katika miaka ya 1970. Aligundua kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza swali. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Sekunde tatu zinaonekana chache mpaka uzihesabu mbele ya darasa lililo kimya. Zihesabu. Kwa mtoto anayelitafsiri swali kichwani kwanza kisha analitafsiri jibu, ongeza hata mbili. Na makofi ya kilo yasiwe ya aliyepatia pekee. Aliyejaribu akakosea kwa hoja nzuri naye anastahili.

Kinachobaki. Kidogo, endapo utaishia kwenye nukuu. Lakini dawa yake ni rahisi na haina gharama. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha utafiti ambao kila mwalimu angefaa kuujua: waliosoma habari kisha wakajipima bila kutazama waliikumbuka vizuri zaidi baada ya wiki kuliko waliosoma na kurudia kusoma, ingawa dakika tano baada ya kusoma hao waliorudia ndio walioonekana wako mbele. Kwa hiyo mwanzo wa kila kipindi madaftari yafungwe, uliza maswali matatu: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Wajibu kwenye karatasi, wasahihishe wenyewe, usikusanye alama. Dakika tano. Alama usipozikusanya, aibu nayo inapungua.

Inamfaa nani. Mwenye darasa kubwa, mwenye mada ya dhana mpya ambazo mtoto hawezi kuzigundua mwenyewe, na mwalimu mgeni ambaye bado hajawajua wanafunzi wake kwa majina. Mwanzoni kabisa mwa kidato cha kwanza, ubao unaoendeshwa vizuri huwatuliza watoto kuliko vikundi vya papo kwa papo.

Njia ya pili: kazi za vikundi

Nianze na kipindi kimoja cha hisabati, mada ya asilimia. Mwalimu anaingia na kindoo cha sado cha lita 4, maharage kwenye mfuko, na kikombe cha robo lita. Kila kikundi kinajaza sado mara mbili: mara ya kwanza linasawazishwa kwa rula, mara ya pili linapandishwa kichuguu kama wauzaji wa soko la Mbuyuni wanavyolipandisha mteja akiwa mkali. Kisha wanahesabu vikombe. Sado lililosawazishwa linachukua vikombe 16. Tuseme la kichuguu limetoka na 19. Nyongeza ni vikombe 3 juu ya 16, yaani asilimia 18.75. Hapo msichana ambaye mama yake anauza nafaka anasema asilimia hiyo haitoki mfukoni mwa muuzaji, maana imeshaingizwa kwenye bei, na ubishi unawaka. Mwingine analeta habari ya lumbesa, kwa nini gunia la zaidi ya kilo 100 limekatazwa na Wakala wa Vipimo, na nani anayepunjwa, mkulima au mnunuzi. Kengele inalia na bado wanabishana juu ya kigawanyo.

Hiyo ndiyo sura ya vikundi vikifana. Mara nyingi havifani, na sababu zake zinajulikana.

Lugha. Ubishi ule wote ulikuwa wa Kiswahili. Vijijini unaweza kuwa wa Kichaga au Kimaasai. Lugha rasmi ya kufundishia ni Kiingereza, na mwalimu akikaguliwa hilo ndilo linalotazamwa. Njia ninayoiona inafanya kazi ni kuwaacha wabishane kwa lugha wanayofikiria, kisha kila kikundi kitoe taarifa kwa Kiingereza kwa kutumia mianzo ya sentensi uliyoiandika ubaoni. Mianzo minne inatosha. Bango la getini linaloamuru Kiingereza tu halijawahi kumfundisha mtu Kiingereza.

Idadi. Kikundi ni watu wanne au watano. Wakifika wanane, wanaofanya kazi ni wawili, mmoja anachora mashati ya timu yake, waliobaki wanasubiri kengele. Ukiwa na wanafunzi 80 hiyo ni vikundi 16, huwezi kuvifikia vyote kwa kipindi. Hapo teremka hadi wawili wawili: mtu na jirani yake wa dawati. Utaratibu wa Frank Lyman, aliouandika mwaka 1981, bado unafaa: kila mmoja afikiri peke yake, aongee na jirani, kisha wachache waseme kwa darasa. Hakuna benchi linalohamishwa.

Muda. Vikundi vinakula. Kusogeza madawati peke yake kunaweza kumeza dakika saba na kumleta mwalimu wa darasa la jirani kuja kuuliza kuna nini. Wa mbele wageuke nyuma, basi. Na kipindi kimoja kwa wiki cha vikundi vilivyoandaliwa kinashinda vitano vya "kaeni kwenye makundi mjadili".

Aibu. Hapa vikundi vina nguvu ya kweli, kwa kuwa hadhira inapungua kutoka 60 hadi wanne. Mtoto anayetetemeka mbele ya darasa anaweza kumwambia jirani yake, "Mimi sijaelewa hapo." Wapo waliolitumia jambo hili kwa makusudi. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, Elliot Aronson na wanafunzi wake walitengeneza mpango ambao kila mtoto kwenye kikundi anapewa kipande chake cha somo, na wenzake hawana namna ya kukipata ila kumsikiliza yeye. Shule za huko zilikuwa zimetoka tu kuwachanganya watoto weupe, weusi na wa asili ya Mexico, na chuki ilikuwa kali. Kwetu mgawanyiko ni mwingine, baina ya mtoto wa Inglishi midiamu na mtoto wa Kayumba, ila dawa inafaa vilevile. Aliyetoka Inglishi midiamu atajifunza kunyamaza amsikilize mwenzake, kwa sababu kipande hicho hana.

Lakini usipoangalia, kikundi kinajenga ufalme wake. Tazama nani anashika sado na nani anaandika. Mara nyingi wavulana ndio wanaoshika vifaa na wasichana wanakuwa makatibu, eti kwa sababu wana mwandiko mzuri. Msichana anamaliza muhula hajawahi kugusa kikombe. Zungusha kazi kila kipindi, na uziandike ubaoni ili isiwe hisani ya mwenyekiti wa kikundi.

Kinachobaki. Kingi, endapo mwalimu ataacha dakika tano za mwisho kukusanya uzi. Vikundi vinazaa pia makosa yanayosemwa kwa kujiamini. Usiporudi ubaoni kusema lipi ni sahihi, kosa la mtoto mwenye sauti kubwa ndilo litakalokwenda nyumbani.

Inamfaa nani. Darasa ambalo watoto wanajuana, mwalimu anayevumilia kelele za kazi, na mada zenye kubishaniwa: hisabati za biashara, uraia, majaribio ya sayansi. Haimfai sana mwalimu ambaye ukuta wake na wa jirani ni wa mbao, labda wakubaliane ratiba.

Njia ya tatu: mradi wa nje ya darasa

Wazo si geni. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, akitaka shule ziwe na mashamba na watoto wajifunze kwa kufanya. Kilichotokea katika shule nyingi ni kwamba shamba lilibaki na kujifunza kukaondoka. Mpaka leo ukimwambia mzazi mtoto ana mradi, anauliza kama aje na jembe au fagio. Mwalimu anayechagua njia hii anaanza na deni hilo, na ni lazima aonyeshe mapema tofauti ya mradi na kazi za mikono: mradi una swali, kazi za mikono zina eneo la kufyeka.

Huku kwetu maswali yamejaa. Moshi kuna mifongo, ile mifereji ya wazee inayoshusha maji kutoka mlimani hadi vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani: nani ana zamu, maji yanapungua miezi gani, mfereji ukibomoka nani anaitisha watu. Kuna kahawa na historia ya KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933. Arusha kuna Boma la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho, na jumba la Makumbusho ya Azimio la Arusha Kaloleni. Lakini ninaoupenda kuliko yote ni mradi wa maji na floridi.

Miteremko ya Mlima Meru ni ya volkano, na miamba yake inatia floridi kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya ukanda huu vinapita hapo. Ndiyo maana ukienda Ngaramtoni au Maji ya Chai unakuta watu waliokulia huko wana meno ya kahawia. Mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kuuliza nyumbani maji yanatoka wapi, bombani, kisimani au mtoni. Anaweza kuuliza kama mama anatia magadi kwenye maharage, kwa kuwa magadi nayo yana floridi. Anaweza kugundua kwamba kuchemsha hakusaidii: vijidudu vinakufa, floridi inabaki palepale, na maji yakipungua sufuriani inakolea zaidi. Kisha anafika kwenye mkaa wa mifupa, unaochuja floridi, uliofanyiwa kazi kwa miaka mingi kituoni Ngurdoto. Hapo umefundisha kemia, jiografia na afya kwa swali moja.

Lugha. Kukusanya habari ni kwa Kiswahili, hakuna namna, bibi hatahojiwa kwa Kiingereza. Kazi ya Kiingereza ni ripoti: kichwa, jedwali, sentensi sita. Mtoto anaandika Kiingereza akiwa na kitu cha kusema, jambo ambalo ni nadra kwake.

Idadi. Watoto 70 barabarani ni hatari, na mkuu wa shule akikukatalia usimlaumu. Njia ya kupita ni kuwatuma nyumbani kwao. Kila mmoja alete majibu ya kaya moja, darasani mjumlishe. Unapata kaya 70 bila kupanda hais.

Muda. Hapa ndipo mradi unapoumia. Panga wiki mbili au tatu, kipindi kimoja kwa wiki, vingine viendelee na silabasi kama kawaida. Ukitoka nje kweli unahitaji ruhusa ya mkuu wa shule, barua kwa wazazi, taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwalimu mwenzako wa kusindikiza. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za mlimani ni tope. Usipange mifongo miezi hiyo, labda swali lako liwe la mmomonyoko. Kuhusu fedha, safari ya makumbusho inahitaji nauli, na mtoto ambaye hana ndiye atakayebaki shuleni. Kama huwezi kuwachukua wote, chagua mradi wa nyumbani.

Aibu. Mradi unapindua ngazi za darasa. Yule asiyesema kitu kwa Kiingereza ndiye babu yake aliyekuwa msimamizi wa mfongo, na wiki hiyo yeye ndiye mwalimu. Nimewaona watoto wakibadilika kwa ajili ya jambo hilo tu. Ila floridi iko mdomoni mwa mtoto. Ukianza somo kwa kusema "meno ya kahawia", vichwa 60 vitageuka kumtazama mmoja, naye hatafungua kinywa mpaka likizo. Anza na mlima, njoo kwenye maji, kisha mwili, na swali la meno liwe la kaya zilizohojiwa bila majina. Vivyo hivyo kwa miradi ya kipato, chakula au vyoo vya nyumbani: data zisiwe na jina la mtu.

Kinachobaki. Njia hii inakaa kichwani kuliko zote, lakini kwa wembamba. Mtoto atakumbuka mfongo miaka ishirini, huku akisahau tofauti ya mvua za vuli na masika kama hukuiandika. Mradi bila ukurasa wa nukuu mwishoni ni matembezi.

Inamfaa nani. Mwalimu mwenyeji au aliyekaa mahali muda wa kutosha, shule yenye mkuu anayesikiliza, na walimu wawili au watatu wanaoweza kugawana mradi mmoja kwa masomo yao.

Neno kuhusu fimbo

Linaulizwa kila mara, kwa hiyo niliseme. Kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kutoa adhabu hiyo kwa kosa kubwa, visizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye daftari maalumu. Kumchapa mtoto kwa kukosa jibu hakumo. Na ukiacha kanuni, darasa linalochapwa kwa majibu mabaya huacha kujibu, na hapo hakuna hata moja kati ya njia hizi tatu itakayokusaidia.

Uchague nini, kulingana na ulichonacho

Shule ya kata, watoto zaidi ya 70, wengi wa Kayumba. Fanya ubao uwe uti wa mgongo, na kila kipindi kiwe na maswali matatu ya kufungua na dakika tano za jirani kwa jirani. Mradi mmoja wa nyumbani kwa muhula unatosha.

Bweni la binafsi, wanafunzi 35, Kiingereza wanacho. Hapa nukuu nyingi ni kupoteza muda wao. Vikundi mara mbili kwa wiki, mradi mrefu kidogo, na utoke nao kweli. Shida yako itakuwa kwamba hawaijui Arusha iliyo nje ya geti, na mradi ndio dawa.

Darasa mchanganyiko, nusu Kayumba, nusu Inglishi midiamu. Vikundi vya kugawana vipande, tena wewe ndiye uwapange. Wakijipanga wenyewe watakaa kwa shule walizotoka.

Kidato cha pili, tangu Agosti. Mwalimu wa taaluma anataka mazoezi ya mitihani iliyopita, na ana hoja. Rudi ubaoni, ila mitihani hiyo isahihishwe kwa jozi, wakielezana kwa nini jibu ni hilo. Mradi uwe ulishafanyika kidato cha kwanza.

Hisabati au fizikia, vifaa hakuna. Vikundi vya sado, kamba, chupa za maji na mizani ya kuazima dukani. Maabara ikikamilika utaendelea nayo.

Uko kwenye mazoezi ya kufundisha, umepewa wiki chache, hujui jina la mtu. Ubao wiki ya kwanza na ya pili, huku ukijifunza majina. Jozi kuanzia ya tatu. Mradi usiuguse, hutakuwepo kuufunga.

Una vipindi viwili mfululizo, dakika 80, baada ya chakula cha mchana. Usiandike nukuu dakika 80 kwa watoto walioshiba makande. Dakika 20 za ubao, 40 za vikundi, 20 za taarifa. Na kama shule haitoi chakula, mada ngumu ihamishie kipindi cha asubuhi, hata ikibidi kubadilishana na mwalimu wa michezo.